Kutengeneza Kijito Kilichoharibika

Maji ya kijito yakiwa tope, watu hukimbilia kupanda miti ukingoni. Shauri hilo si baya, lakini silo la kwanza. Tope latoka juu, katika mashamba ya mteremko na njia za ng'ombe. Basi mvua inyeshapo, mpangaji na apande mlima atazame maji yapitapo. Huko ndiko pa kuchimba makinga-maji yakatayo mteremko. Kisha ukingo uachiwe majani: sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60. Huko Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa, na majani yakarudi penye ardhi tupu. Lakini wenye ng'ombe walipata taabu kubwa. Kwa hiyo wafugaji na waitwe barazani kabla mpango haujaandikwa, waonyeshe wenyewe mahali mifugo itakaponywea.