Nani Atatuombea Leo?



Somo la mwezi huu ni fupi. Kama kuna mwenzenu asiyejua kusoma, mmoja amsomee polepole.

Mikutano yetu huanza kwa sala. Mwenyekiti anauliza, "Nani atatuombea leo?" halafu wote wanainama huku wakimtazama katekista kwa pembe ya jicho. Katekista asipokuwepo anatafutwa mwalimu. Miaka nenda miaka rudi, wanaoomba ni wale wale wawili watatu.

Mimi mwenyewe nimekosa katika jambo hili. Katika kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kuna mama anayepika busaa ili alipe karo. Siku moja katekista alichelewa, na mama huyu akasimama akaanza kuomba. Nilimkatiza, nikasema, "Wacha tungojee katekista kidogo." Nilidhani ninalinda heshima ya sala. Aliketi. Mkutano uliofuata hakuja, wala ule wa pili. Mchango wake aliutuma kwa mtoto. Nilipomtembelea nyumbani aliniambia bila hasira, "Madam, nilitaka tu kumwombea huyu wangu wa mwisho. Alikuwa na malaria."

Jioni hiyo nilifungua kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 1. Hana alikwenda Shilo akiwa na uchungu wa kukosa mtoto. Aliomba moyoni, midomo ikitikisika bila sauti. Kuhani Eli alipomwona alidhani amelewa, akamkemea. Mnaona? Mwenye cheo cha dini ndiye aliyekosea, na yule aliyedhaniwa mlevi ndiye aliyekuwa akizungumza na Mungu. Lakini Eli nampendea jambo moja: alipoelezwa hakushindana. Alimtakia amani na baraka. Basi nami nilirudi kwa yule mama kuomba msamaha, na nawaambia ukweli, si rahisi mwenye diploma kumwomba msamaha mpika busaa.

Yesu naye alisimulia habari za Farisayo na mtoza ushuru (Luka 18:9-14). Farisayo alijua maneno mengi mazuri. Mtoza ushuru alisimama mbali, akasema machache tu, naye ndiye aliyerudi nyumbani amekubaliwa. Someni pia Matendo 10: Kornelio alikuwa askari wa Kirumi, bado hajabatizwa, na sala zake zilimfikia Mungu. Kwa hiyo mwenzetu wa dhehebu lingine, au anayengoja ubatizo, asiambiwe anyamaze.

Wazee wetu wanaikumbuka Misa ya Kilatini. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, ulifungua mlango kwa lugha za watu na kurudisha maombi ya waamini. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi wakatia mkazo Jumuiya Ndogo Ndogo, ambamo majirani husoma Neno na kuomba pamoja nyumbani. Mlango umefunguliwa zamani. Sisi ndio tunaosimama mlangoni kuwazuia wengine.

Katika kazi hii nimeona pia kwamba yule ambaye sauti yake haisikiki wakati wa sala, mara nyingi haisikiki wakati wa kugawa mikopo. Anaweka kidole gumba tu kwa yaliyoamuliwa na wengine. Kile kikundi sasa huzungusha sala kama kinavyozungusha pesa za merigoraundi: leo wewe, kesho mwenzako. Asiyeweza husema Baba Yetu, au anaomba kwa lugha ya mama yake, au anapitisha zamu. Halazimishwi, na hakuna kumsahihisha mtu. Mama wa busaa alipata zamu yake. Mikutano miwili baadaye alisimama akamwuliza mweka hazina, "Risiti ya mbegu iko wapi?" Kumbe wengi walitaka kuuliza hivyo hivyo. Risiti ilitafutwa, na mahesabu yakafanywa upya mbele ya wote.

Ya kujadili kikundini:

Ni nani kati yenu hajawahi kuombea mkutano? Msimlaumu. Ulizeni ni nini, au ni nani, aliyemnyamazisha.

Na daftari la pesa likifunguliwa, ni nani huuliza, na ni nani hutazama chini?