Lori Linapokataa Kuwaka Alfajiri: Tupime Umeme Kabla ya Kulaumu Baridi

Katika miezi ya kiangazi, hasa Juni na Julai, alfajiri za Gitega na Muyinga huwa na baridi kuliko zile za Bujumbura, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Ndizo saa ambazo malori yaliyolala Kobero, mkabala na Kabanga ya Tanzania, hujiandaa kuondoka. Na ndizo saa ambazo baadhi yake hukataa kuwaka. Hapo dereva na utingo wake husema "ni baridi", kisha moto hukokwa chini ya tenki, au lori huachwa literemke mlimani ili liwake kwa mwendo. Sisi tunaohusika na usalama wa barabara tunaliandika somo hili kwa kuwa lori lililogoma halimdhuru mtu. Yanayomdhuru ni yale yanayotendwa kwa haraka ili liwake.

Neno letu ni moja: katika milima yetu, mara nyingi baridi haiharibu lori, bali hufichua ubovu uliokuwapo tangu jana, na aghalabu ubovu huo ni wa umeme. Dizeli, au mazutu kama wengi wanavyoiita huku, huanza kuwa na ukungu wa nta joto linapokaribia nyuzi 0. Alfajiri zetu hazifiki huko. Kwa hiyo moto chini ya tenki hautibu ugonjwa wowote. Huhatarisha roho na mali tu.

Kwa nini asubuhi ni ngumu

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Pistoni hukandamiza hewa hadi ipate joto kali, na mafuta yanaponyunyiziwa humo huwaka yenyewe. Ili joto hilo lipatikane, stata lazima iizungushe injini kwa kasi ya kutosha. Asubuhi ya baridi oili ya injini huwa nzito, stata hudai nguvu zaidi, na betri kwa upande wake hutoa nguvu pungufu. Tena Gitega iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Lori lililowaka bila taabu Dar es Salaam, usawa wa bahari, likiwa na betri iliyochoka, laweza kugoma Kobero bila kitu kipya kuharibika.

Sikiliza, kisha tazama moshi

Ukigeuza ufunguo na kusiwe na mlio wala taa ya dashibodi, chunguza swichi kuu ya betri, fyuzi na vichwa vya betri. Ukisikia mlio mdogo wa haraka haraka, "tk-tk-tk", betri ni dhaifu au waya haujakaza. Ukisikia mgongo mmoja mzito kisha kimya, ilhali taa zinawaka vizuri, shuku stata yenyewe au waya zake.

Injini ikizunguka polepole, bado shida ni ya umeme. Ikizunguka kwa kasi bila moshi wowote, mafuta hayafiki: toa maji kwenye chujio, tazama kama hewa imeingia katika mirija, kisha pampu kwa mkono. Ikizunguka kwa kasi huku ikitoa moshi mweupe, mafuta yanafika lakini hayawaki. Kwa malori madogo, hapo ndipo fundi apime plagi za kupasha joto, ambazo mafundi wengi huziita hita.

Pima kwa mita

Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Mita ndogo ya umeme yatosha kwa vipimo vinne.

1. Kabla ya kuwasha, pima kila betri peke yake. Iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6, iliyo karibu na 12.0 imeishiwa. Betri mbili zikitofautiana sana, moja ni mgonjwa, nayo humchosha mwenzake.
2. Mtu mmoja awashe, mwingine asome mita. Jumla ikishuka chini ya takriban volti 19 wakati stata inazunguka, betri haina chaji au imechakaa.
3. Stata ikiwa bado inazunguka, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Ikizidi nusu volti hivi, umeme unapotea kwenye waya wa masi, ule unaounganisha betri na chesisi na injini. Fungua, sugua kutu, kaza. Wengi hununua betri mpya ilhali ubovu ni boliti moja yenye kutu.
4. Injini ikishawaka, pima tena. Takriban volti 27.5 hadi 28.8 ni ishara kwamba alternata inachaji. Mita ikibaki 25 au chini, tazama mkanda na alternata leo, usingoje alfajiri ya kesho.

Yasiyofaa kutendwa

Msiliachie lori lenye breki za upepo literemke mlimani injini ikiwa imezimika. Kompresa hujaza upepo injini inapofanya kazi tu, na usukani nao huwa mzito mno. Anayelegeza breki za springi kwa spana ili lori literemke ameondoa kinga ya mwisho iliyobaki kati ya lori hilo na nyumba zilizo chini.

Msipulize etha wala kumwaga petroli kwenye njia ya hewa, hasa penye hita: mlipuko waweza kupasua injini na kumjeruhi aliye karibu. Mkiazima umeme, lori la volti 24 lisaidiwe na la volti 24. Ungeni chanya kwanza. Waya hasi uwe wa mwisho, nao ushikizwe kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo.

Wajibu wa jirani na wa dereva

Lori lililokwama kwenye barabara ya Gitega, Karuzi na Muyinga bila taa huwa ukuta usioonekana gizani. Dereva aweke pembetatu mbele na nyuma. Penye kona, aiweke kabla ya kona. Akumbuke pia kwamba Tanzania huendesha kushoto na Burundi kulia, hivyo atazame upande magari yanakotokea. Mawe yaliyozuia magurudumu yaondolewe barabarani lori linapoondoka, kwani jiwe lililosahauliwa humwangusha mwendesha pikipiki wa usiku. Wazazi wawazuie watoto wasikusanyike nyuma ya lori, hata kama linaonekana limetulia.

Dereva anayelala mpakani apime betri jioni, angali na mwanga na fundi yuko karibu. Kipimo hicho ni cha dakika kumi, nacho humwondolea haja ya kuamsha kijiji alfajiri.