Ndoo ya Maji, Mavi ya Jana

Mwaka jana mavi ya ng'ombe wangu yalilala wiki tatu juu ya majani, yamekauka kama mkate wa bofulo uliosahaulika, na nzi wakatufuata mpaka jikoni. Shamba letu liko Seeb, hapa Muscat: ng'ombe watatu, mbuzi, mitende, na jaruba moja la qatt (ni luseni, jamani, si miraa).

Kosa lilikuwa langu. Niliwachoma wote sindano ya minyoo, ivamektini. Dawa ile hutoka na mavi ikiwa bado na nguvu, na mabuu ya tutamavi, wadudu wanaozika mavi, yaliyomo humo hufa.

Kujua kama unao, huhitaji zaidi ya ndoo. Alfajiri zoa mavi ya jana jioni pamoja na udongo wa chini yake, tia ndani ya maji, koroga kwa kijiti, subiri. Tutamavi wataelea. Mimi sikupata hata mmoja.

Usitafute wa kuviringisha mpira tu. Yule mweusi mkubwa, Waarabu humwita ju'al, husukuma donge lake kinyumenyume mchangani. Lakini wanaonifaa zaidi ni wadogo, wachimbaji: hutoboa hapo hapo, wakateremsha mavi chini kwenye mizizi. Maji yakapata njia, samadi haikuungua juani, nzi akakosa pa kutagia. Australia, ambako tutamavi wenyeji walizoea mavi makavu ya kangaruu, mwanasayansi George Bornemissza alianzisha miaka ya 1960 mradi wa kuagiza tutamavi, wengi wao wa asili ya Afrika, kwa ajili ya mavi ya ng'ombe. Sisi tunao bure, tunawaua wenyewe.

Sasa sichomi kundi zima. Napeleka kinyesi kwa daktari wa mifugo ahesabu mayai ya minyoo. Anayehitaji dawa ndiye anayechomwa, hukaa zizini peke yake, na mavi yake hayaendi shambani. Namwagilia jioni, kisha ndio nawatoa ng'ombe. Mavi ya saa sita mchana mwezi wa Juni hushika gamba kabla mdudu hajafika. Ya magharibi hubaki mabichi usiku kucha. Mbegu niliomba kwa jirani asiyechoma sindano: ndoo mbili za mavi yenye wadudu, nikazimwaga kivulini chini ya mitende.

Juzi wakaelea kumi na mmoja. Kijana wa shambani alitaka kuwamwaga mtaroni, nikamnyang'anya ndoo.