Njia za Simu Zisizo na Alama

Mfugaji mwenye ng'ombe wengi hapotewi na wake katika kundi la jirani. Humjua kwa rangi yake, kwa pembe zake, na kwa alama aliyotiwa sikioni. Waarusha na Wamasai wametumia alama za namna hiyo tangu zamani, kwa sababu ng'ombe hawezi kusema, "Mimi ni wa fulani." Alama ndiyo inayomsemea. Lakini viko vitu vingine visivyo na rangi wala pembe za kuvitofautisha, navyo hufanana kama punje za ulezi. Miongoni mwavyo ni njia za simu za ofisini, ambazo watu huziita laini. Katika somo hili tutajifunza jinsi njia zisizo na alama zinavyotambuliwa, na kwa nini hazifai kuachwa hivyo.

Tuseme iko ofisi moja ya misheni huko Kimandolu, mashariki ya mji wa Arusha. Ukutani pana kisanduku cha chuma, na ndani yake zimo njia sita za simu. Kila njia ni nyuzi mbili za shaba zilizosokotwa pamoja. Juu ya kisanduku hapana neno lililoandikwa. Kila mwezi huja ankara yenye namba sita, nayo hulipwa. Karani wa zamani alizijua njia zote kwa kichwa, wala hakuona haja ya kuandika. Siku alipostaafu akarudi kwao, maarifa yake yakaenda pamoja naye.

Basi siku moja mkuu wa ofisi akasema, "Twalipia njia sita, nami nasikia simu tatu tu zikilia. Zisizotumika zikatwe, fedha zikanunue vitabu." Neno hilo lilikuwa la haki, maana fedha ya misheni si ya kumwaga. Karani mpya, kijana mwepesi wa kazi, akatwaa koleo, akafungua kisanduku. Alikuwapo fundi wa simu, mtu mzima, amekuja kutengeneza simu ya mhasibu.

"Shikamoo, fundi," akasema karani. "Hii ya tano haijalia tangu nilipoanza kazi. Nitaikata, na atakayelalamika, huyo ndiye mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu," akajibu fundi. "Na je, kama mwenyewe ni mgonjwa? Aliyeugua usiku wa manane hatakuja kukulalamikia asubuhi. Weka koleo, uchukue daftari. Njia yenyewe itatuambia ni nani, tukiiuliza vema."

Fundi akaanza na ankara. Akamwagiza karani aziandike zile namba sita, moja chini ya moja. Zote zilianza na 027, ambazo ndizo tarakimu za simu za waya za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga. Kisha akaagiza ukurasa wa pili uandikwe njia ya kwanza hadi ya sita, kama zilivyopangwa kisandukuni kutoka kushoto. Akasema, "Huku tuna majina yasiyo na watu, na huku tuna watu wasio na majina. Kazi yetu ni kuwakutanisha."

Halafu akatoa simu yake ya majaribio, yenye vibanio viwili vidogo, akaibana kwenye nyuzi mbili za njia ya kwanza. Kabla ya kufanya neno lolote alisikiliza. Akasikia watu wanazungumza, mara akaviondoa vibanio, akangoja. "Mazungumzo ya watu si yetu," alisema. "Tena ukipiga simu hapa sasa, utawaharibia maneno yao." Walipomaliza, alisikiliza tena, akasikia mlio mmoja mrefu usiokatika. Huo ni mlio wa kituo cha simu, na maana yake, njia i hai na i wazi, piga namba uitakayo.

Fundi akapiga namba ya simu ya mkononi ya karani. Simu ikalia mfukoni, na usoni pake ikaonekana namba ya mwitaji. Karani akaifananisha na namba za ankara, akaiona ni ile ya tatu. Akataka kuandika kwa furaha, lakini fundi akamzuia.

"Huyo ni shahidi mmoja," alisema. "Torati haikumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Mitambo mingine huonyesha namba moja tu ya mbele, hata ukipiga kwa njia ipi. Sasa piga wewe namba hiyo kwa simu yako, tuone kama njia hii ndiyo itakayolia."

Karani akapiga, na njia ya kwanza ikalia. Ndipo namba ikaandikwa. Wakafanya vivyo hivyo kwa njia ya pili na ya tatu, wakitoka na kurudi katika kila moja.

Hapa yafaa tujue hatari moja ya kudanganyika. Ofisi nyingine huomba kituo cha simu kiziunganishe njia zao katika kundi, hata namba ya kwanza ikiwa na mtu, mwitaji hupelekwa kwenye njia ya pili, na ya pili ikiwa na mtu, hupelekwa kwenye ya tatu. Msaada huo ni mwema kwa mwitaji, lakini humkosesha mpimaji asiyeangalia. Atapiga namba ya kwanza, itakayolia ni njia ya pili, naye ataandika uongo bila kukusudia. Kwa hiyo hupimwa njia moja kwa wakati, na zote zikiwa hazina mtu.

Njia ya nne ilikuwa ya mashine ya faksi, iliyofunikwa kitambaa katika chumba cha vitabu, wala hapana aliyekumbuka ni lini ilitumika. Wakafika njia ya tano, ile ambayo karani alitaka kuikata. Ilikuwa na mlio wa kituo, na namba yake ilionekana vizuri. Lakini karani alipoipiga kwa simu yake, hapana kengele iliyolia popote ofisini. Mara sauti ya mama ikaitika sikioni mwake:

"Zahanati. Mimi ni muuguzi wa zamu. Mgonjwa yuko wapi?"

Karani akashangaa, akajieleza kwa adabu. Muuguzi akamwambia, "Hii ndiyo simu yetu ya usiku, mwanangu. Waya wake hupita ofisini kwenu, kisha huja huku nyuma. Jana usiku iliniita mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa."

Karani hakuwa ameisikia simu hiyo kwa sababu kengele yake haikuwa ofisini, na waitaji wake walipiga saa ambazo ofisi ilikuwa imefungwa. Akaliweka koleo lake mezani, asilishike tena siku ile.

Ikabaki njia ya sita, na namba moja tu. Njia hiyo haikuwa na mlio kabisa. Karani akasema, "Hii sasa haina shaka, maana namba iliyobaki ni moja." Fundi akajibu, "Shaka imepungua, haijaisha." Wakaipiga ile namba. Sikioni mwa karani ikasikika kama simu inaita huko mbali, lakini hapana iliyolia. Mlio huo wa kuita hutoka kituoni, kwa hiyo mwitaji huusikia hata kama waya umekatika njiani. Wakawauliza watu wa shirika la simu, nao walipoufuata waya wakaukuta umekatika juu ya nguzo. Wakathibitisha kwamba namba ile ni ya njia ya sita. Basi misheni ilikuwa ikiilipia njia isiyoweza kuitika.

Mkuu akaletewa daftari. Akaona kwamba njia mbili, ya nne na ya sita, zaweza kuachwa bila kumdhuru mtu. Fedha ikapatikana kama alivyotaka, na simu ya zahanati ikabaki.

Pengine mtasema, "Nyuzi nyingine zina rangi, je, rangi haitoshi?" Rangi husaidia, tena kwa akili nyingi. Katika kebo moja itumikayo sana zimo jozi 25 za nyuzi, nazo hutofautishwa kwa rangi kumi tu. Kundi la kwanza ni nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano na zambarau. Kundi la pili ni buluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu. Kila jozi hupata rangi moja ya kundi la kwanza na moja ya kundi la pili, na tano mara tano ni 25. Jozi ya kwanza ni nyeupe na buluu. Ya mwisho ni zambarau na kijivu. Lakini rangi hukuambia tu jozi ni ya ngapi katika kebo. Haikuambii namba yake ya simu, wala haikuambii ni nani anayeitika mwisho wake.

Namba za simu zenyewe zilizaliwa kwa hofu kama ya fundi wetu. Alexander Graham Bell alipewa hati ya uvumbuzi wa simu huko Marekani tarehe 7 Machi 1876. Kituo cha simu cha New Haven kilipofunguliwa mwezi wa Januari 1878, kilikuwa na wateja 21, na orodha iliyotolewa mwezi uliofuata ilikuwa ukurasa mmoja wa majina bila namba. Mteja alitaja jina la mtu amtakaye, na mfanyakazi wa kituo aliziunganisha nyuzi kwa mkono. Husimuliwa kwamba mwaka 1879 surua ilienea katika mji wa Lowell. Wafanyakazi wa kituo walikuwa wanne tu, nao waliwajua wateja zaidi ya 200 kwa majina. Daktari Moses Greeley Parker akawaza, "Hawa wanne wakiugua pamoja, ni nani atakayejua nyuzi za mji huu?" Akashauri kila mteja apewe namba, ili hata mgeni aweze kuifanya kazi ile. Waya hudumu kuliko mtu aliyeutandika. Hata hapa kwetu, simu zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki hadi mwaka 1977, kisha Shirika la Posta na Simu Tanzania, na tangu mwaka 1994 TTCL. Wenye kazi hubadilika, na anayekuja hukuta alichoandikiwa.

Kabla ya kuondoka, fundi alimfundisha karani namna ya kuweka alama. Kibandiko kiwekwe pande zote mbili za njia, kisandukuni na kwenye simu yenyewe. Kiandikwe namba ya simu na mahali inapofika, lisiandikwe jina la mtu peke yake, kwa kuwa watu huhamishwa. Wino uwe usiofutika kwa unyevu. Tena yote yaandikwe daftarini pamoja na tarehe ya kupimwa, na kila mabadiliko yaandikwe siku ile ile, kwa sababu alama ya uongo ni mbaya kuliko kukosa alama.

Akaongeza onyo, nasi tulishike. Nyuzi za simu zina umeme. Kituo huweka volti 48 hivi, na simu inapoitwa umeme wa kuliza kengele hufika karibu volti 90, nao humshtua mtu vibaya. Wakati wa masika, radi ipigapo juu ya Meru, hata fundi haigusi njia ya simu. Kwa hiyo mtoto asifungue kisanduku cha simu kwa kutaka kujaribu aliyosoma hapa. Kujaribu ni kazi ya fundi. Kuandika alama kwenye vitu unavyotunza ni kazi unayoiweza wewe leo.

Jioni ile muuguzi alipokuja kuchukua barua, alikiona kisanduku kiko wazi, na juu ya njia ya tano pameandikwa kwa herufi kubwa: ZAHANATI, SIMU YA USIKU, ISIKATWE.

Maswali

1. Kwa nini karani hakupata kuisikia njia ya tano ikilia?
2. Fundi alisema kila njia yahitaji mashahidi wawili. Mashahidi hao ni nini?
3. Eleza jinsi njia zilizounganishwa katika kundi ziwezavyo kumdanganya mpimaji.
4. Njia ya sita ilikuwa imekatika. Kwa nini mwitaji alisikia kama simu inaita?
5. Daktari Parker aliogopa nini, na shauri lake lilikuwa nini?
6. Tafuta kitu kimoja nyumbani au shuleni ambacho mtu mmoja tu ndiye anayekijua, kama vile funguo nyingi zilizo pamoja au chupa za dawa. Andika alama ambazo zingemfaa mgeni, kisha umwonyeshe mwalimu.