Mizani ya Mfanyabiashara na Taka za Mji



Baadhi ya watu wanaoichunguza dini hutuuliza: "Mwatufundisha sala, funga na zaka. Mbona tena mwaingilia mambo ya taka na misitu? Hiyo si kazi ya serikali na wataalamu wa uchumi?" Swali hili ni zuri, nalo lastahili kujibiwa kwa dalili.

Tuanze sokoni. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na jengo lake kubwa, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Ukimwuliza muuza matunda wa hapo faida yake ya siku, atakuhesabia bei ya shambani, nauli ya lori, ushuru, ujira wa mpagazi, na hata machungwa yaliyooza njiani. Hesabu yake ni ya uaminifu. Lakini kuna kitu hakimo katika daftari: maganda, makapi na majani ya mgomba yanayobaki chini jioni. Hivyo havina bei, ila gharama vinayo. Kama hailipwi na muuzaji wala mnunuzi, basi italipwa na mtu wa tatu ambaye hakuuza wala hakununua, ambaye mfereji uliozibwa na taka hizo unapita mbele ya mlango wake.

Jambo hili si geni kwa wataalamu wa uchumi. Mwingereza Arthur Pigou alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1920: gharama aionayo mwenye biashara na gharama inayoiangukia jamii nzima si lazima zilingane. Bei yaweza kuwa pungufu ingawa muuzaji hakusema uwongo hata neno moja.

Sasa tuitazame Kurani Tukufu. Mwanzoni mwa Sura Ar-Rahman, aya ya 8 hadi ya 11 (tukiihesabu Bismillahi kuwa ya kwanza), Mwenyezi Mungu ataja kuinuliwa kwa mbingu na kuwekwa kwa mizani. Kisha aamrisha watu wasiivuke mizani hiyo wala wasipunguze kipimo. Na papo hapo ataja kwamba ardhi ameiweka kwa ajili ya viumbe. Angalia mpango huo. Neno ni moja, mizani, kwa utaratibu wa mbingu na kwa chuma kinachoning'inia mkononi mwa muuza mchele. Wala ardhi haikutajwa kuwa ya wenye maduka, bali ya viumbe wote. Basi anayepunja kilo ya sukari na anayemwachia jirani uchafu wa faida yake wamefanya kosa la aina moja: wote wawili wamechukua kitu bila kukilipia.

Katika Sura Ar-Rum, aya ya 42, twaelezwa kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Kitenzi cha Kiarabu kilichotumika hapo, kasaba, ndicho hichohicho cha kuchuma mali. Uharibifu umetajwa pamoja na uchumi! Nami sioni kwamba hili limetokea kwa bahati.

Mtu aweza kusema, "Haya ni mafundisho mazuri, lakini mji mkubwa hauna budi kuwa na mahali pa kutupa taka, na fedha za kufanya vizuri zaidi hazipo." Hoja hii ilijaribiwa mahakamani, hapa hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi taka za jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata, na kuchomwa huko huko, moshi na harufu vikiingia nyumbani mwa watu. Mwaka 1988 wakazi walilishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaomba tena, kwa kuwa mahali pengine hapajapatikana. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuendelea kuongeza muda. Alistaajabu kuona chombo cha umma kikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akaikumbuka haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Ubovu wa shughuli ya jiji haukuwa katika kukosa akili ya uchumi. Kwa hesabu ya jiji, Tabata ilikuwa rahisi kweli. Ilikuwa rahisi kwa sababu gharama ilikuwa ikilipwa kwa mapafu ya watoto wa Tabata, na mapafu hayaandikwi katika bajeti.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Kanuni hiyo ni njema, na haipingani na dini hata kidogo. Lakini sheria humwona mchafuzi mkubwa kwa urahisi zaidi kuliko mdogo, na mji huu unachafuliwa na mamia ya maelfu ya wadogo, mimi na wewe tukiwamo.

Hapa pana ugumu, nisiufiche. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mifereji ilipata nafuu, lakini kijana aliyekuwa akiitembeza mifuko hiyo mtaani alipoteza riziki yake siku ile ile. Je, ni haki maskini alipe gharama ya usafi? La. Anayepitisha hukumu kwa ajili ya manufaa ya wote yampasa amtazame pia yule anayeumizwa nayo. Zaka na sadaka zipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Lakini umaskini wetu hautupi ruhusa ya kumdhuru maskini mwenzetu aliye bondeni.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alitoa mfano wa watu waliopanda merikebu, wengine juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Nakiri kwamba nilipoisoma hadithi hii chuoni ng'ambo, niliichukua kuwa ni habari ya kukatazana maovu kama ulevi na uzinzi, basi. Niliporudi na kusimama ufukoni karibu na Bandari, nikiitazama mitumbwi ya wavuvi na meli za mizigo zikielea katika maji mamoja, niliona kwamba wale wa chini hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walikuwa wakitafuta maji kwa njia ya gharama ndogo.

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, Mto Msimbazi ukafurika katika bonde la Jangwani, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mvua hutoka kwa Mungu, lakini bonde lililojengwa na mifereji iliyojaa taka ni kazi ya mikono yetu.

Baada ya Tabata, taka zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani. Kisha Vingunguti, kisha Mtoni, na mwishowe Pugu. Mto Msimbazi, unaopita Vingunguti na Jangwani mpaka baharini karibu na daraja la Salenda, unaanzia katika milima ya Pugu.