Tembo la Mnazi na Siki Yake

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mkazi wa Kisauni. Tembo ninalolipata kwa mgema asubuhi huwa tamu, jioni ni kali, na kesho yake huelekea siki. Je, iko hila ya kulizuia?

JIBU: Ndugu msomaji, maji yadondokayo katika panda lililokatwa kwa kotama ni maji ya sukari, lakini kabla hayajateremshwa mtini, hamira ya asili iliyo hewani, na ile iliyosalia ndani ya kibuyu cha jana, huwa imekwisha kuanza amali yake ya kuigeuza sukari kuwa kileo na hewa ile itoayo povu, na kwa hari ya pwani yetu, Kisauni hata Likoni, siku moja yatosha. Kisha bakteria za siki, zisizoweza kazi pasipo hewa, hukigeuza kileo hicho kuwa asidi.

Jokofu huliakhirisha jambo hili, halilibatilishi. Kulichemsha likiwa bichi huiua hamira, ila ladha hubadilika, nami siipendi. Lililo muhimu zaidi ni kukiosha kibuyu kwa maji yachemkayo kila siku. Wala chupa usiizibe kwa nguvu, isije ikapasuka kwa hewa iliyojikusanya ndani.

Ukitaka kuuza, sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 yakulazimu uwe na leseni. Na lile lililochachuka nakusihi usilimwage: lifunike kwa kitambaa majuma machache, upate siki njema ya achari.