Jumba la Sanaa la Mtaani: Usiombe Hisani, Fuata Haki

Wakazi wakipata chumba, wakakipaka rangi, wakatundika picha za wachoraji wa mtaa na kufungua mlango bila kiingilio, swali la kwanza huwa kodi ya mwezi ujao itatoka wapi. La pili huwa nani anamjua mheshimiwa. Hapo ndipo safari inapoanza kuharibika. Ombi linalopitia kwa anayemjua mheshimiwa halina tarehe wala mhuri, na likikataliwa hakuna wa kuulizwa. Tuseme wazi tangu mwanzo: hakuna sheria ya Kenya inayoilazimisha kaunti ikupe pesa kwa ajili ya jumba lako la sanaa. Sheria inakupa mambo matatu: kusikilizwa, kuonyeshwa jinsi fedha za umma zinavyopangwa, na kujibiwa. Kikundi kinachoyatumia matatu hayo kwa wakati wake kina nafasi kubwa kuliko kinachosubiri kukumbukwa.

Anza na swali la nani mwenye jukumu, kwa sababu afisa akitaka kukuondoa mlangoni hukwambia sanaa ni kazi ya serikali kuu. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinaitaka Serikali ikuze kila aina ya usemi wa kitamaduni, sanaa ikiwemo. Jedwali la Nne ndilo linalogawa kazi. Katika Sehemu ya Pili, miongoni mwa kazi za kaunti, zimetajwa maktaba, makumbusho, michezo, na shughuli na vifaa vya kitamaduni. Serikali kuu nayo ina sehemu yake. Jumba la Nairobi Gallery, lililomo katika jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa na ambalo leo huhifadhi mkusanyo wa Joseph Murumbi, liko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Lakini jumba la wakazi wa wadi moja, linaloonyesha kazi za wakazi hao, ni shughuli ya kitamaduni ya mashinani. Barua yako iende kwa kaunti, idara inayosimamia utamaduni, na aya ya kwanza itaje Jedwali hilo. Hapo huombi fadhila. Unaikumbusha ofisi kazi iliyopewa na Katiba.

Kaunti itauliza, na ina haki ya kuuliza, inazungumza na nani. Watu wa kujitolea wenye nia njema lakini wasio na cheti hawawezi kukabidhiwa mali ya umma. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inaruhusu kikundi cha watu wasiopungua 10 kusajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, kikiwa na katiba yake na viongozi wanaojulikana. Mkishasajiliwa, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi na muweke daftari la mapato na matumizi, hata kama mapato ni sarafu za kisanduku kilichopo mlangoni. Andikeni pia saa ambazo kila mmoja amejitolea na idadi ya wageni wa kila wiki. Daftari hilo ndilo ushahidi wenu. Linaionyesha kaunti kwamba wakazi wameshatoa mchango wao, na kwamba inachoombwa ni kuongezea, si kubeba mzigo wote.

Kisha ombeni kinachowezekana. Vikundi vingi hukimbilia ruzuku ya pesa, ilhali huenda katika wadi yao kuna ukumbi wa jamii unaokaa bila kazi siku nyingi za wiki. Matumizi ya chumba, msamaha wa ada ya kibali, umeme, ulinzi wa usiku: hayo yote ni msaada, na ni mepesi kuyatoa kuliko fedha taslimu. Lakini msikubali chumba kwa neno la mdomo. Chini ya Kifungu cha 62 cha Katiba, ardhi ya umma iliyo mikononi mwa kaunti inashikiliwa kwa niaba ya wakazi, na haiwezi kutumiwa nje ya utaratibu wa sheria. Anayewakabidhi ufunguo bila maandishi hajawapa kitu, na atakayekuja baada yake anaweza kuudai ufunguo huo kesho. Ombeni mkataba wa maandishi unaotaja muda, nani analipa bili, nani anatengeneza paa likivuja, na notisi ya siku ngapi inahitajika kabla ya kuondoshwa.

Mkihitaji fedha, kalenda ndiyo sheria itakayowaokoa au kuwaangusha. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Juu ya hayo kuna mpango jumuishi wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kikundi kinachofika Mei na ombi zuri kimechelewa karibu mwaka mzima, kwani wakati huo bunge likiongeza fungu moja sharti lipunguze jingine. Basi pelekeni pendekezo mapema, Julai au Agosti, mpango wa mwaka unapoandikwa, na mhudhurie vikao vya ushirikishaji wa umma. Vikao hivyo ni matakwa ya Katiba, hasa Kifungu cha 201, kinachotaka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma.

Wapo watakaosema hayo ni maneno ya vitabuni. Mambo hufanyika kwa kumwona mwakilishi wadi. Kumwona ni halali, na ni kazi yake kuwasikiliza. Lakini kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza kujihusisha na utendaji wa kaunti kana kwamba yeye ni afisa wake. Anaweza kulisukuma pendekezo lenu bungeni na kuihoji idara. Hawezi kuwapa chumba cha kaunti. Na anayewaomba kitu kidogo ili barua isonge anafanya kosa, nanyi mkitoa mmeshiriki kosa hilo. Zaidi ya yote, fadhila ya mtu huondoka naye uchaguzini, ilhali kilichoingia katika mpango hubaki kwenye maandishi hata baada ya yeye kwenda.

Pingamizi zito zaidi ni la hospitali. Itawezekanaje kaunti isiyo na dawa itoe chumba cha picha? Swali hili lisibezwe. Afya ni haki chini ya Kifungu cha 43, na kikundi cha sanaa kikidai kutangulia zahanati kitashindwa, na ni haki kishindwe. Ila Jedwali la Nne linalotaja afya ndilo hilo hilo linalotaja utamaduni, bila kusema kimoja kisubiri mpaka kingine kikamilike. Kama kingesubiri, maktaba na viwanja vya michezo visingejengwa kamwe. Swali la haki ni la kiasi, na ukumbi uliokwisha kujengwa hauchukui kidonge cha mgonjwa yeyote.

Wengine, wasanii hasa, wanaogopa upande wa pili: anayetoa chumba ataamua kipi kitundikwe. Hofu hiyo ina msingi. Kinga yake ni Kifungu cha 33, kinacholinda uhuru wa ubunifu wa kisanii, isipokuwa propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Msiuache ulinzi huo hewani; uingizeni katika mkataba. Andikeni kwamba jengo ni la kaunti, uteuzi wa kazi ni wa kamati ya kikundi, na hakimiliki ya kila picha inabaki kwa aliyeichora. Kaunti ikikataa masharti hayo, ni afadhali mjue kabla ya kuhamia.

Sasa, kaunti ikinyamaza? Kila barua ipelekwe nakala mbili, moja irudi na mhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka ya umma, na kifungu cha 89 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinazitaka mamlaka hizo zijibu maombi ya wananchi bila kuchelewa. Unaweza pia kudai habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ni kumbi zipi za kaunti zilizo katika wadi, nani anazitumia, fungu la utamaduni mwaka huu ni kiasi gani na limetumikaje. Ombi hilo laweza kuandikwa kwa Kiswahili, halitozwi ada ya kuliwasilisha, na uamuzi unatakiwa ndani ya siku 21. Zikipita kimya au ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Na uamuzi ukigusa haki yako, kama vile kuondoshwa ukumbini, Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Huenda baada ya yote hayo jibu likawa hapana. Hapana iliyoandikwa, yenye sababu na sahihi, ina thamani: mwaka ujao mtajua cha kurekebisha, na mkilazimika kwenda mbele zaidi mna cha kushika mkononi. Kwa hiyo wiki hii kusanyeni watu 10, andikeni katiba ya kikundi, na muweke alama kwenye 1 Septemba. Barua yenu iwe na mhuri kabla ya siku hiyo.